Sheria za Brussels Chini ya Paa la Makuti

Ruta nyingi za intaneti zinazouzwa Ukunda, ziwe zimeundwa China, Latvia au Taiwan, zina herufi mbili zilizochapwa upande wa chini: CE. Muuzaji huzionyesha kama ushahidi wa ubora, mnunuzi huzipita kama pambo, na hakosekani mjuaji wa kueleza kwamba ziko CE mbili, moja ya kweli ya Ulaya na nyingine yenye herufi zilizosongamana, ambayo eti ni ishara ya mali ya China ya kuuzwa nje. Hadithi hiyo imezunguka dunia nzima. Tume ya Ulaya iliulizwa jambo hilo na wabunge wa Ulaya miaka mingi iliyopita, ikajibu kwamba alama ya pili haiitambui. Kilichopo ni alama ileile moja iliyochapwa bila kufuata vipimo vyake. Lakini hata anayeijua alama halisi mara nyingi huidai zaidi ya inachoweza kutoa. Haisemi kwamba kifaa ni bora. Haisemi kwamba kuna mtu wa serikali aliyekipima. Na kwa mkazi wa Diani au Msambweni, haisemi lolote juu ya yatakayotokea fundi atakapopanda paani. Hilo la paani ndilo ninalotaka kulishikilia: sheria za Ulaya zimekwisha kuratibu sehemu kubwa ya mawimbi tunayotumia Kwale, na zimetufaa, ila sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo nyepesi kuharibika, huamuliwa hapahapa pwani, na hatujajenga desturi ya kuisimamia.

Tuanze na kilicho nyuma ya alama. Kifaa chochote cha redio kikitaka kuuzwa katika nchi 27 za Umoja wa Ulaya hufungwa na Agizo namba 53 la mwaka 2014, lililoanza kutumika Juni 13, 2016 mahali pa lile la mwaka 1999. Madai yake ya msingi ni machache. Kifaa kisimdhuru mtumiaji kwa umeme wala kwa mawimbi. Kisivuruge vifaa vingine vya umeme vilivyo karibu, wala chenyewe kisivurugwe ovyo navyo. Kitumie masafa yake kwa uangalifu, bila kumwagikia masafa ya wengine. Vipimo vya kuthibitisha hayo vimo katika viwango vinavyoandikwa na taasisi kama ETSI, yenye makao yake Sophia Antipolis, kusini mwa Ufaransa. Kiwango cha EN 300 328, kwa mfano, ndicho kinachohusu waifai ya gigahezi 2.4, ile inayotumiwa na karibu kila simu, na kikomo chake ni miliwati 100 za nguvu ya mawimbi kama yanavyotoka kwenye antena. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba kiwanda kinachofuata viwango hivi kikamilifu hakihitaji kumwomba mtu ruhusa. Mtengenezaji hupima mwenyewe au hulipa maabara, hukusanya faili la kiufundi, hutia saini tamko kwamba bidhaa yake inatii sheria, kisha huchapa alama. Taasisi huru ya uthibitishaji ni lazima pale tu ambapo viwango havikufuatwa au havipo. Faili hutunzwa kwa miaka 10, na mamlaka za kila nchi, kama Bundesnetzagentur ya Ujerumani, huchukua vifaa madukani na kuvipima. Kwa hiyo CE ni neno la mtengenezaji mwenyewe, lenye uzito kwa sababu nyuma yake ipo dola inayoweza kumfuata, kumtoza faini na kuiondoa mali yake sokoni. Kifaa hichohicho kikivuka feri ya Likoni, dola hiyo haikifuati.

Kwa nini basi sheria ya Brussels iwe na maana yoyote Tiwi au Kinondo? Jibu liko kwenye ramani. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, umeigawa dunia katika kanda tatu za masafa ya redio, na Afrika iko kanda moja na Ulaya. Amerika ina yake, na sehemu kubwa ya Asia ina yake. Mgawo huu una athari za kila siku. Waifai ya gigahezi 2.4 ina chaneli 13 Ulaya, na 11 Marekani. Katika gigahezi 5, Mmarekani huruhusiwa kurusha kwa nguvu kubwa kwenye masafa ya juu ya megahezi 5725, mahali ambapo vifaa vidogo vya kawaida Ulaya huachiwa miliwati 25 tu. Tofauti imezidi kwenye gigahezi 6, masafa mapya ya waifai. Mwaka 2020 Marekani ilifungua megahezi 1200 kwa mpigo, na mwaka uliofuata Ulaya ikafungua 480 za sehemu ya chini peke yake. Kenya nayo imeshika njia ya sehemu ya chini. Sehemu ya juu, katika mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Dubai mwaka 2023, ilitengwa kwa matumizi ya simu za mkononi katika kanda yetu, na tayari ina wenyewe, maana masafa hayo hutumika kwa viungo vya maikrowevu ambavyo minara hupelekeana mawasiliano. Ndugu aliyeko Minnesota akituma nyumbani ruta mpya ya kisasa, anatuma kifaa kilichozoeshwa anga nyingine. Mjerumani anayehamia Galu na ruta yake sandukuni yuko karibu zaidi na kanuni za hapa, ingawa yeye na yule wa Minnesota wote wana deni la idhini ya Kenya.

Idhini hiyo ipo kisheria, wala si siri. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998, pamoja na kanuni za mwaka 2010 kuhusu uagizaji, uidhinishaji na usambazaji wa vifaa vya mawasiliano, zinataka kila aina ya kifaa cha redio ipitishwe na Mamlaka ya Mawasiliano kabla ya kuuzwa au kuunganishwa. Kinachopitishwa ni modeli nzima, si kipande kimoja kimoja, na mwombaji hupeleka ripoti za vipimo kutoka maabara inayotambulika. Hapo ndipo kazi ya Ulaya inapotusaidia: ripoti ya vipimo vya ETSI iliyoandaliwa kwa ajili ya soko la Paris hutumika pia kwenye maombi ya Nairobi. Wapo wanaolibeza jambo hili kama kunakili. Mimi naliona kuwa ni busara ya nchi isiyo na sababu ya kujenga maabara ya mamilioni ili kupima upya kilichokwisha kupimwa. Vipimo vya mawimbi havibadiliki kwa kuvuka ikweta.

Kinachobadilika ni nyumba. Chukua boksi la ruta lililoletwa kwa ajili ya Ulaya, utazame upande mmoja: mara nyingi kuna kijisanduku chenye vifupisho vya nchi, AT, BE, BG na kuendelea. Wengi hudhani ni orodha ya nchi inakouzwa. Kwa kweli ni onyo: katika nchi hizi, kifaa hiki kina masharti ya matumizi. Na sharti la kawaida kabisa ni kwamba sehemu ya masafa ya gigahezi 5 itumike ndani ya jengo tu, kwa kuwa masafa hayohayo yanatumiwa na huduma za setilaiti, na kuta zinategemewa kuuzuia mwangwi wa maelfu ya ruta usifike juu. Aliyeandika sharti hilo alikuwa na picha ya fleti ya matofali yenye madirisha ya vioo viwili. Sasa ipeleke ruta hiyo Diani, uitundike kwenye nguzo ya mkahawa wa ufukweni, chini ya paa la makuti lisilo na ukuta hata mmoja. Je, hapo ni ndani? Mteja atasema ni ndani, maana mvua haimpati. Mawimbi yatasema ni nje, kwa sababu makuti makavu hayayazuii kitu. Mapokezi ya hoteli, baa za ufukweni, mabanda ya kulia chakula, vyote katika ukanda huu vimejengwa kupitisha upepo, na kinachopitisha upepo hupitisha redio. Hakuna hati ya Brussels iliyofikiria banda la makuti, wala haikupaswa kulifikiria. Kazi hiyo ni yetu.

Antena ndiyo mfano mwingine, na hapa hesabu inatosha kushuhudia. Ruta ya miliwati 100 iko sawa kabisa kwenye karatasi. Fundi akiiondoa antena yake ndogo, akaunganisha dishi la desibeli 24 ili kuufikisha mtandao kutoka Ukunda hadi kijiji cha bara, nguvu inayoelekezwa mbele ya dishi hilo huongezeka mara 250 hivi. Miliwati 100 zimekuwa wati 25. Kifaa ni kilekile, alama ni ileile, ripoti ya maabara haijaghushiwa, na bado kinachotoka paani kimezidi kikomo cha Ulaya mara 250. Fundi mzuri angepunguza nguvu ya redio kufidia dishi, na kiungo cha moja kwa moja kati ya antena mbili zinazoangaliana hufanya kazi vizuri kwa nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Lakini hakuna anayemuuliza. Mteja hulipia mwendo wa kasi, naye fundi hujua kwamba kuzidisha nguvu kunaonekana ni bidii.

Hapa pana pingamizi la kweli, na nisingependa kulipita kijuujuu. Mtu wa Kinango au wa Mwereni atasema kwamba vikomo hivi viliwekwa kwa ajili ya miji ya Ulaya, ambako jirani yuko ukuta wa pili. Kwake jirani yuko kilomita mbili, minara ya simu ni michache, na kumnyima nguvu ni kumnyima intaneti. Hoja hii ina ukweli kwa viungo vya masafa marefu, na ndiyo maana kanuni huviangalia kwa macho tofauti na ruta ya sebuleni. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa hata mfumo wa leseni na wa kushiriki masafa kwa ajili ya mitandao ya kijamii inayoendeshwa na wanavijiji wenyewe. Ila kwa waifai inayohudumia simu za watu, hoja hiyo inashindwa na maumbile. Mawasiliano ni ya pande mbili. Simu ya mkononi hurusha makumi machache ya miliwati, na betri yake haiwezi zaidi. Ukiipa ruta nguvu mara kumi, simu iliyoko mbali itaona vijiti vyote vya mtandao vimejaa, kisha itashindwa kufungua ukurasa, kwa kuwa jibu lake halirudi. Mwadhini mwenye kipaza sauti husikika kijiji kizima, lakini yeye hamsikii aliye mwisho wa kijiji anapomwitikia. Pwani kuna kikwazo cha ziada, nacho ni kuta za mawe ya matumbawe, nene na zenye chumvi na unyevu, zinazomeza mawimbi ya gigahezi 5 kwa uroho. Dawa ya kuta hizo ni vituo vingi vidogo vilivyounganishwa kwa waya. Hoteli inayopandisha nguvu badala ya kuongeza vituo inajipigia kelele yenyewe, maana vituo vyake husubiriana zamu ya kusema kila kimoja kinapomsikia mwenzake.

Wengine watauliza: aliyedhurika yuko wapi? Ni swali la haki, kwa sababu madhara ya redio hayaachi moshi. Mfano ulioshuhudiwa vizuri ni wa rada za hali ya hewa. Mwaka 2003 mkutano wa dunia uliifungulia waifai masafa ya megahezi 5470 hadi 5725 kwa sharti kwamba kifaa kisikilize kwanza, na kikiisikia rada kihame. Ulaya hudai sekunde 60 za kusikiliza, na dakika 10 kamili katika megahezi 5600 hadi 5650, zinakotumika rada za mvua. Mafundi wasiopenda kusubiri wamejifunza njia ya mkato: hubadilisha mpangilio wa nchi ndani ya ruta, wakaiambia iko nchi isiyo na sharti hilo. Katika nchi za Ulaya na Puerto Rico, picha za rada zilianza kuonyesha mistari kama ya miali, kila mmoja ukielekea kwenye antena ya mtu fulani paani. Mabaharia na wavuvi wanaotegemea utabiri wa mvua wakawa wanalipia kasi ya mtandao wa mtu mwingine. Mwaka 2016 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliitoza TP-Link dola 200,000 kwa kuuza ruta zilizomruhusu mtumiaji kuchagua nchi nyingine na hivyo kuzidisha nguvu. Na ukifika Vanga au Lunga Lunga, jambo la nchi halibaki kuwa la menyu tu: simu hudaka minara ya Tanzania bila kuhama kitini, na ruta iliyofungwa upande mmoja wa mpaka husikika upande wa pili, chini ya mamlaka nyingine, TCRA.

Hata kabla ya kesi hiyo kumalizika watengenezaji kadhaa walikuwa wameanza kuifunga programu ya ndani ya kifaa ili isibadilishwe kabisa. Hapo mimi natofautiana na wakali. Programu huria kama OpenWrt ndizo zinazoipa uhai wa pili ruta ambayo kiwanda kimeitelekeza, na katika kaunti ambako kifaa hutumika mpaka kife, uhai huo una thamani. Makubaliano ya FCC na TP-Link yenyewe yaliitaka kampuni ishirikiane na watengenezaji wa programu huria. Inawezekana kuifunga redio bila kukifunga kifaa kizima.

Suala la kutelekezwa linanileta kwenye badiliko kubwa kuliko yote, ambalo Kwale litaigusa kinyumenyume. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na ruta duniani kwa kutumia nywila za kiwandani ambazo hakuna aliyezibadilisha, na mwezi Novemba mwaka huohuo shambulio la jamii yake liliangusha ruta za wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom. Ulaya ilihitimisha kwamba kifaa kinachoweza kutekwa kwa wepisi kina kasoro sawa na kile kinachopiga shoti. Tangu Agosti 1, 2025, vifaa vya redio vinavyounganishwa na intaneti haviwezi kuingizwa upya sokoni Ulaya bila kukidhi masharti ya kulinda mtandao, taarifa binafsi na malipo, na mtengenezaji hawezi kuegemea viwango vya EN 18031 peke yake kudai ametii ikiwa mtumiaji anaweza kukitumia kifaa bila kuweka nywila yoyote. Sasa jiulize mtengenezaji mwenye modeli ya zamani isiyokidhi masharti haya atafanya nini na mitambo yake. Hawezi kuipeleka Hamburg. Mali itatafuta soko ambalo bado halijauliza swali hilo, na CE iliyochapwa kwenye modeli hiyo miaka iliyopita haitafutika. Alama itakuwa ileile kwenye rafu ya Ukunda, juu ya kifaa ambacho Ulaya yenyewe haikipokei tena.

Mfanyabiashara atajibu kwamba kila sharti jipya huishia kwenye bei, na mnunuzi wa Msambweni anatafuta ruta ya bei nafuu au hanunui. Ni kweli, na kuna somo la Kenya yenyewe juu ya hatari ya kushtukiza. Mwishoni mwa Septemba 2012 tume ya mawasiliano ya wakati huo ilizima simu bandia zaidi ya milioni moja, baada ya kuwataka watu watume namba ya IMEI kwenda 1555 kuhakiki. Waliopata hasara ni waliokuwa wamenunua kwa nia njema, na si walioziingiza nchini. Ruta za faiba haziwezi hata kuzimwa kwa njia hiyo, hazina IMEI. Kwa hiyo sipendekezi msako wa maduka. Ukaguzi ungekuwa na tija zaidi kwa walio wachache na wakubwa: waagizaji, kampuni zinazogawa ruta kwa wateja wao, na mafundi wanaofunga mitandao ya hoteli, shule na hospitali. Mamlaka ina ofisi yake ya kanda Mombasa. Kipimo cha masafa kinachotembezwa kandokando ya barabara ya Diani, siku moja ya msimu wa watalii, kitaeleza mengi kuliko rundo la vyeti.

Lipo pia pingamizi la heshima ya taifa: kwa nini tuendeshwe na maandishi ambayo hatukukaa mezani kuyaandika? Ninalielewa, ila linakosea anwani. Mgawo wa masafa hupitishwa ITU, ambako Kenya ina kura sawa na Ujerumani, na Afrika huandaa msimamo wake kupitia Umoja wa Mawasiliano wa Afrika, wenye makao makuu Nairobi. Kinachotoka Brussels ni vipimo na adhabu. Vipimo tunavikopa bure. Adhabu hatuwezi kuzikopa.

Zilizo mikononi mwa mnunuzi wa kawaida ni karatasi zake mwenyewe, na hapo mikataba ya Kwale ina mapengo yanayozibika bila sheria mpya. Hoteli inayofungiwa vituo 40 vya waifai hupokea ankara yenye bei, idadi na jina la modeli. Inaweza kudai mistari mitatu zaidi: modeli imepitishwa na Mamlaka, mpangilio wa nchi umewekwa Kenya na nguvu imeandikwa kituo kwa kituo, na mtengenezaji ataendelea kutoa masahihisho ya usalama hadi mwezi gani wa mwaka gani. Huo wa tatu utawakera wauzaji wengi, maana jibu mara nyingi hawalijui. Lakini sheria nyingine ya Ulaya, ya uimara wa vifaa vya kidijitali, itawalazimu watengenezaji kuitaja tarehe hiyo kwa mnunuzi kuanzia Desemba 11, 2027, na kwa kawaida isipungue miaka mitano. Kampuni zinazouza Ulaya zimekwisha kuanza kuipanga, na mwenye hoteli wa Diani au kamati ya zabuni ya kaunti inaweza kuiomba kwenye ankara ya mwezi huu.